Uzio Kwenye Mashua ya Baba

Siku tuliyomzika Baba, mzee wa kanisa alisimama mbele ya jeneza akasema kwamba marehemu alifanya mema mengi, lakini yeye angetaja moja tu, nalo ni ule uzio. Akaeleza, kwa faida ya vijana waliokuwa hawajazaliwa, kwamba Baba aliwahi kuwa na mashua ya tanga kwenye bwawa, mashua ambayo mfano wake haujaonekana tena upande wetu wa Mbeere. Mtu wa nyumba yake alipoanguka majini siku moja, Baba hakungoja serikali wala mfadhili. Alitafuta mabomba na fito akauinua uzio wa mashua kutoka kimo cha goti hadi kimo cha kifua.

"Na tangu siku hiyo," mzee akasema huku ameinua kidole, "hakuna mtu aliyeanguka tena kutoka ile mashua. Huyo ndiye tunayemzika leo. Mtu wa usalama."

Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye viti vya familia, chini ya hema, na ilibaki kidogo nicheke mbele ya maiti ya baba yangu. Vijana walikuwa wamekata fito mbichi asubuhi ile kuzungushia kaburi ili mbuzi wasije wakakanyaga, na harufu ya magome mabichi ilikuwa imejaa kila mahali. Harufu hiyo siipendi. Nikijengewa banda la kuku huwa naondoka nyumbani mpaka fundi amalize.

Kushoto kwangu alikaa Tata, dada yake Baba. Alikuwa amekuja kwa pikipiki, amezungushwa njia yote ya bwawa, mzee wa umri ule, na vumbi lilikuwa bado kwenye kope zake. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, na la kulia nalo limechoka kwa uzee, kwa hiyo alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu kila alipoona wengine wakitikisa vichwa. Akanigusa pajani.

"Maitu," akaniuliza, "huyo anasema nini?"

Maitu maana yake mama. Nilipewa jina la mama yao, aliyemzaa Baba na kumzaa Tata, na kwetu jina ukishapewa unapewa na heshima yake. Tangu nikiwa wa kubebwa, Tata hajawahi kuniita kwa jina langu. Akinituma maji kisimani alikuwa akisema, Maitu, naomba nisaidie maji, na mimi nilikuwa sijaanza hata shule.

Nilijifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka bwawa lilivyojaa. Wakubwa waliyalilia mashamba ya kando ya mto, walikililia kivuko walichokuwa wakipita kwa miguu tangu enzi za babu zao, na sisi watoto tukaruka kwa furaha kwa sababu tulikuwa tumesikia habari za bahari kanisani, tukadhani imeamua kutufuata. Miti ilikufa imesimama. Matawi meupe yalitokeza juu ya maji, na ndege wakakaa juu yake. Mamba walikuwemo, na viboko pia. Katika kijiji kizima hakuna aliyejua kuogelea, na sikumbuki mtu yeyote aliyeona haja ya kujifunza. Maji kwetu yalikuwa kitu cha kubeba kichwani.

Baba alikuwa fundi wa mbao kwenye kambi ya wazungu waliojenga bwawa. Wazungu wale walikuwa na mashua nyeupe ya kuchezea Jumapili, na Baba ndiye aliyekuwa akiiosha na kuishikia kamba. Alijifunza kwa kutazama. Walipomaliza kazi walifunga virago, wakaiacha mashua ikiwa na tundu ubavuni na tanga lililochanika, wakamwambia Baba aichukue akitaka. Aliziba tundu, akashona tanga kwa magunia ya unga, na tangu hapo akawa mtu wa maana. Bwawa lilikuwa limetoa mkono mrefu ulioingia kati ya mteremko wetu na mteremko wa ng'ambo. Kwa barabara ilibidi uzunguke kutwa nzima. Kwa mashua ya Baba, upepo ukiwa mzuri, ulifika kabla sufuria ya maharagwe haijaiva. Alivusha ndengu, makaa, mbuzi, majani ya muguka ya kutafuna, akina mama wa kanisa, na mara moja alivusha kitanda cha chifu.

Uzio wa mashua ile ulikuwa kichekesho. Palikuwa na vijiti vya chuma pembeni, na waya mmoja uliopitishwa juu yake, kimo cha goti la mtu mzima. Abiria walikaa chini kabisa, wameshikana, wanaomba. Baba aliulizwa kwa nini waya uko chini hivyo.

"Hawa wazungu wanajua kuogelea," alijibu. "Hiyo waya ni ya kuwakumbusha tu mashua imeishia wapi."

Tata alikuwa ameolewa ng'ambo, na alikuwa akija kwetu mara kwa mara. Mimi nilidhani anakuja kwa sababu ananipenda. Alikuja bila kikapu, bila zawadi, wakati mwingine bila viatu, na alipofika aliniinua juu akaniita Maitu, na mimi nikaona hiyo ndiyo safari yake yote na sababu yake. Alikuwa hana mtoto. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na Mama alituambia ni ugonjwa wa masikio unaotokana na vumbi, tusicheze vumbini tusije tukaupata. Nikaogopa vumbi, katika Mbeere, mahali ambapo hata uji una vumbi. Siku moja Tata alikuja na sikio lenyewe limevimba, rangi imebadilika, na mimi nikakimbia kunawa uso.

Lakini alikuwa mchangamfu, na hilo ndilo nataka mlijue kabla sijaendelea. Jioni tulipofungia mbuzi, Tata alikunja gauni lake magotini, akarudi nyuma hatua chache, akaruka ua wa boma bila kushika chochote. Ua ule ulifika kifuani pa mtu. Alitua ndani katikati ya mbuzi, mbuzi wakatawanyika wakilia, na sisi watoto tukapiga kelele, "Ruka tena, Tata! Ruka!" Akaruka tena kutoka nje. Mama alikuwa akikemea kwamba mwanamke aliyeolewa haruki maboma, huku akijaribu kuficha kicheko.

Kisha mume wake akaja. Nilitarajia jitu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la Jumapili, anayeongea polepole na kushukuru kila alichopewa. Alikunywa uji akasifu uji. Akapangusa midomo kwa leso, akamwambia Baba:

"Mimi sina maneno mengi. Nirudishieni bibi, ama mnirudishie mbuzi zangu. Na watoto wa hizo mbuzi, na wajukuu."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Mbuzi gani, shemeji? Si unajua ukame umemaliza kila kitu?"

"Ukame haukuja hapa kuposa," mume wa Tata akasema. "Mimi nilileta mbuzi, nikapewa mtu. Mtu hayuko. Sasa nauliza."

Nilikuwa nyuma ya jiko, nikasikia yote, nikaelewa kwamba ugomvi ni wa mbuzi. Sikuelewa kwamba mbuzi wale ndio Mama yangu. Walioletwa kwa ajili ya Tata hata hawakupata muda wa kulizoea boma la Baba. Waliingia mlango mmoja wakatokea mwingine kwenda kwa kina Mama, kwa sababu Baba naye alikuwa anataka kuoa na hakuwa na kitu. Ndivyo ilivyokuwa. Dada anaolewa, kaka anaoa. Kama Tata angerudi nyumbani kabisa, mbuzi wangedaiwa. Baba angekwenda kuwadai kwa kina Mama, na kina Mama wangesema, haya, chukua mbuzi wako na utupe msichana wetu. Mama alikuwa amesimama mlangoni amebeba mtungi, na aliposikia habari ya wajukuu wa mbuzi aliuweka chini polepole, na hata hivyo maji yakamwagika.

Kwanza walijaribu kumrudisha Tata kwa barabara. Baba alimchukua hadi Kiritiri wapande gari, na Tata akaketi chini katikati ya soko siku ya soko, akapiga mayowe mpaka wauza mbuzi wakaacha mbuzi zao. Aliwaonyesha watu sikio lake. Baba alirudi naye jioni, hasemi na mtu. Aibu ile ilimkondesha.

Ndipo akafikiria maji. Majini hakuna soko.

Siku ya kwanza ya mashua nilikuwa ufukoni na watoto wengine. Tuliwaona wakiondoka, Baba kwenye usukani na Tata mbele, tanga limejaa. Walipofika kwenye miti iliyokufa tukaona kitu cheupe, gauni la Tata, kikiwa hewani, halafu hakipo. Mashua ikazunguka na kuzunguka. Baadaye sana walirudi, Tata ameloa, ana michubuko mikononi kwa kukumbatia mti, anatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Ameanguka," Baba alisema kabla hajaulizwa. "Ni upepo."

"Ameanguka," Mama akasema huku akimfunika blanketi.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema ameanguka, na akina mama wa kanisa wakaja kumshukuru Mungu na kula ndengu zetu. Tata peke yake hakusema ameanguka. Baba alikuwa na alama za meno kwenye kifundo cha mkono, duara zima, na mimi niliwaambia watoto wenzangu kwamba baba yangu ameng'atwa na samaki akimwokoa dada yake. Waliniamini, na kwa siku kadhaa niliringa.

Kesho yake akaanza kazi ya uzio.

Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kumdharau. Alikwenda kwenye kambi ya zamani akang'oa mabomba ya maji yaliyoachwa ardhini, akayakata kwa msumeno wa chuma, na ule mlio ukatusumbua meno mchana kutwa. Rafiki yake Namu alikuja kumsaidia, shavu limejaa muguka. Walitoboa ukingo wa mashua kwa keekee, wakasimamisha mabomba, wakayakaza kwa bolti na nati, kisha wakalaza bomba moja juu kuzunguka mashua yote. Lilifika kifuani pa Baba. Namu aliona yametosha.

"Jaribu kutoka," Baba akamwambia.

Namu akapenyeza mguu kati ya bomba na bomba akatoka bila shida. Baba akatikisa kichwa. Wakakata fito, wakazisuka kati ya mabomba, chini mpaka juu, hivyo hivyo tunavyosuka boma la mbuzi, zikabanana. Baba alikuwa akipita nyuma ya Namu akisukuma fito kwa kiganja.

"Hapa kaza. Mguu usipate pa kukanyaga."

"Kwani unabeba chui?" Namu akauliza.

"Nabeba watu," Baba akasema. "Na watu ni wa thamani."

Upande mmoja waliacha mlango mdogo, unaofungwa kwa bolti, na spana akabaki nayo Baba mfukoni. Walipoiingiza mashua majini kujaribu, ikaonekana kwamba ule mti wa chini wa tanga unagonga uzio kila unapogeuka. Basi Baba akalikata tanga. Alichukua kisu akaondoa kipande chote cha chini, akalipandisha juu lipite. Mashua ikawa nzito na ya polepole, ikawa inalala upande, ikabidi sisi watoto tuokote mawe ya kuweka ndani chini ili isimame sawa. Niliokota mawe mengi kuliko mtoto yeyote. Kile kipande cha tanga Mama alikishona mkoba wa shule, nami niliubeba mkoba ule mpaka darasa la nne, na kila mwalimu aliyeniuliza nilimwambia ni tanga la mashua ya baba yangu, alilikata kwa sababu ya kumpenda dada yake.

Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nani asingeamini? Mtu aliyeharibu mashua yake mwenyewe ili dada yake asianguke tena! Watu walitoka hata upande wa Embu mjini wakaja kuitazama, wakiisifu. Mimi nilikuwa napita kati yao nimenyoosha shingo.

Tata alikuwa jikoni siku hizo zote, akichambua ndengu. Hakuruhusiwa kwenda mbali. Mama alikaa mlangoni na kazi yake, na Mama akiondoka Baba alikuja kukaa na kazi yake. Uzio ulipomalizika nilikimbia kumpa Tata habari. Nikamnong'oneza kwenye sikio la kushoto kwa haraka yangu, hakusikia. Nikazunguka kulia.

"Tata! Baba amekutengenezea uzio. Hutaanguka tena."

Akaniangalia. Mikono ikaacha ndengu.

"Ni mrefu kiasi gani, Maitu?"

Nikapanda kigoda nikanyoosha mkono ukutani kumwonyesha. Tata akautazama mkono wangu, akatazama nje kwenye boma la mbuzi, halafu akacheka, kile kicheko chake cha jioni ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya maji.

"Huo tu?" akasema.

Baba alikuwa kwenye pipa la maji, ananawa grisi. Alisikia. Aligeuka polepole, sabuni ikimtiririka mikononi, akaitazama miguu ya dada yake. Akatazama boma. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, na kwa kuwa Baba alikuwa si mtu wa kuwatazama watoto, nilijisikia nimependwa.

"Kesho na wewe utakuja," akaniambia. "Utamsindikiza Tata."

Sikuwa nimewahi kupanda ile mashua. Watoto wa kijiji walikuwa wameiomba na kuililia, na wakaambiwa maji si ya watoto. Nilikimbia boma lote nikiimba. Mama alisikia, akaingia ndani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, lakini moshi ulikuwa mwingi jikoni na mimi nikaona ni moshi.

Asubuhi Mama alinivisha gauni la kanisani, akanipaka mafuta miguuni mpaka ikang'aa. Tulishuka wote ufukoni. Tata alikwenda mwenyewe bila kushikwa, tena kwa haraka, akiutazama uzio kutoka mbali, akiupima. Akaingia kwa ule mlango mdogo. Baba akamwambia Mama, "Haya." Mama akaingia nyuma yake, akaniweka kifuani pa Tata, tumbo kwa tumbo, mtoto mkubwa kama mimi, miguu inaning'inia, akatuzungushia leso yake ya kubebea mtoto sote wawili, akaizungusha tena na tena. Fundo akalifunga mgongoni kwa Tata, katikati kabisa, pale mkono wa mtu haufiki. Alilikaza kwa meno.

Nilikuwa nimebanwa katikati yao nikicheka. Nilisikia Tata akisema juu ya kichwa changu:

"Kumbe wewe ndiye fundi."

"Usiniangalie hivyo," Mama akasema. "Mimi nina watoto."

"Mimi sina, si ndiyo?"

Mama alitoka, Baba akafunga mlango, akakaza bolti kwa spana, tukaondoka.

Safari ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, na hilo silisamehe. Kupitia fito niliona maji yakipita, na mwanga, na ndege weupe. Sikio langu lilikuwa kifuani pa Tata, nikausikia moyo wake ukienda mbio, nikadhani naye amefurahi. Niliimba nyimbo zote za shule ya Jumapili. Baba aliniitikia! Baba, ambaye hakuwahi kuimba na mimi hata mara moja, aliitikia kutoka kwenye usukani, kwa sauti kubwa isiyo na tuni.

Tulipofika kwenye miti iliyokufa, Tata alisimama. Nilisikia nimepanda juu pamoja naye. Alipanda ubao wa kukalia, akaweka mkono mmoja juu ya bomba, na mguu mmoja akauweka mbele, akainama kidogo, na mimi nikalijua lile pozi. Nilikuwa nimeliona jioni nyingi kando ya boma. Baba aliacha kuimba. Hakuinuka, alikaa tu ameshika usukani akitazama mbele kana kwamba hajaona.

Mimi nikapiga makofi mgongoni kwa Tata.

"Ruka, Tata!" nikasema. "Ruka kama kwenye boma!"

Mwili wake ulikakamaa wote. Akainamisha uso akanitazama, karibu sana, pumzi yake ikanipata machoni. Sijui alinitazama kwa muda gani. Tukaupita mti wa kwanza, tukaupita wa pili. Kisha akashuka kwenye ubao, akaketi, akanishika kichwa akakilaza kifuani pake, na hakuinuka tena mpaka ng'ambo.

Mume wake alikuwa anangoja na koti lake. Baba alifungua fundo kwa kisu, maana lilikuwa limekataa, akafungua mlango. Mume wa Tata aliugonga uzio kwa kidole, akaangalia ufumaji wa fito, akasema kwa upole, "Kazi safi, shemeji." Akamkaribisha Tata nyumbani. Wakapanda mteremko, yeye mbele na Tata nyuma, na Tata hakugeuka. Kwenye safari ya kurudi Baba alinipa mkate mzima, nikaula peke yangu. Akaniambia, "Leo umenisaidia kazi kubwa." Maneno yale niliyatunza miaka na miaka. Hakuwahi kunipa mengine.

Habari ya uzio niliielewa nikiwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimemaliza shule, Tata alikuwa ameletwa hospitali Embu na mkono uliovunjika, na watu wakasema ameanguka. Lile neno lilinirudisha nyuma. Nikamwuliza Mama tukiwa tunamenya viazi, Tata alianguka kweli siku ile ya kwanza? Mama hakusimamisha kisu.

"Ulitaka nirudishwe mimi?" akasema. "Mbuzi wangekwenda, na mimi ningekwenda nao. Wewe ungebaki na nani? Ungelelewa na nani? Sema."

Nilimchukia, nisiseme uongo. Nilimchukia mpaka nikaolewa na kuzaa, halafu nikaona kwamba hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo likanikera zaidi. Baba sikumwuliza. Kufikia wakati huo alikuwa ameshaiamini hadithi yake. Aliwasimulia wageni jinsi dada yake alivyoanguka na jinsi alivyokosa usingizi kwa kuwafikiria abiria. Machozi yalimlengalenga, ya kweli kabisa. Lakini hata nilipokuwa nimeelewa kila kitu, fito na mabomba na spana, siku yangu mimi sikuihoji kamwe. Niliiweka kando. Nilijiambia, angalau siku ile walinipeleka matembezi.

"Maitu." Tata alinibonyeza tena pajani. Mzee wa kanisa alikuwa amefika kwenye habari za mbinguni, mahali ambapo, alisema, hakuna kuanguka. "Si nakuuliza? Anasema nini?"

Nikainamia sikio lake la kulia. "Anasema Baba aliweka uzio kwenye mashua ili watu wasianguke."

"Nani alianguka?"

Aliuliza kwa sauti ya watu wasiosikia, sauti inayofika mpaka barabarani. Vichwa vikageuka. Mama, aliyekuwa kiti cha mbele, hakugeuka.

"Anasema ni wewe, Tata."

Akafikiri. Nilimwona akilitafuta jambo lenyewe mbali, kwenye miaka yote ile ya ng'ambo, ya mume aliyekwisha kufa na mkono uliounga vibaya. Kisha akalipata, akacheka, kile kicheko cha jioni.

"Mimi? Mimi niliruka."

Mzee wa kanisa akanyamaza. Nikaushika mkono wake nikaubana, nikimwomba anyamaze. Aliielewa ile ishara kwa namna yake. Akanisogelea, akaweka kiganja mdomoni kama mtu anayenong'ona, na watu wote wakasikia.

"Na ule uzio pia ningeuruka. Ulikuwa mfupi tu. Lakini walikuwa wamekufunga kwangu, Maitu, na wewe ulikuwa unacheka."